Je, wajua kwa nini virusi vilivyotikisa Brazili vina jina la msitu wa Uganda?

Ukipanda teksi Kampala kwenda Entebbe, ukishapita Kajjansi na kukaribia Kisubi, kuna msitu mdogo kando ya barabara ambao abiria wengi hawautupii hata jicho. Jina lake ni Ziika, kwa i mbili kama Kiganda kinavyotaka. Lilipoingia kwenye vitabu vya sayansi i moja ikadondoka njiani, na dunia ikabaki na Zika. Mwaka 2015 virusi vya jina hilo vilienea Brazili, watoto wakazaliwa na vichwa vidogo, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Brazili na kijisitu cha Kisubi wapi na wapi?

Jibu fupi ni kwamba kwa miaka mingi virusi vipya mara nyingi vilipewa jina la mahali ilipochukuliwa sampuli ya kwanza. Lakini hapo swali linazaa swali. Mtu atajuaje kwamba kitu asichokiona hata kwa darubini ya kawaida ni kipya?

Mwaka 1947 watafiti wa Entebbe hawakuwa wakitafuta Zika. Walikuwa wakiwinda homa ya manjano, kazi ambayo kituo chao kilianzishwa kuifanya mwaka 1936 (leo ndicho Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda). Chambo chao kilikuwa kima wa rhesus, mnyama wa Asia, aliyefungiwa kwenye kizimba juu ya mti. Kwa nini kima wa mbali hivyo, na msitu umejaa kima wa hapa hapa? Kwa sababu wa hapa wakipata homa ya manjano mara nyingi hawaonyeshi dalili yoyote, ilhali rhesus huugua waziwazi. Kwa hiyo alikaa kule juu kama mlinzi, mbu wamuume, na watu wa chini wampime joto kila siku.

Aprili mwaka huo kima namba 766 alipanda homa. Damu yake ikachukuliwa, majimaji yake yakadungwa kwenye ubongo wa panya wa maabara, na baada ya siku kama kumi panya wakaugua. Majimaji hayo yalipopitishwa kwenye chujio linalozuia bakteria, bado yaliambukiza. Basi ni virusi. Lakini virusi gani?

Hapa ndipo palipo na ufundi, na mimi nauona mzuri kuliko mashine nyingi za leo. Mnyama aliyepona homa ya manjano hubaki na kingamwili zinazoitambua homa hiyo. Unachanganya majimaji ya damu yake na virusi usivyovijua, kisha unamdunga panya. Panya akipona, kingamwili zimemtambua adui wao wa zamani. Akifa, hazikumjua. Walijaribu kingamwili za homa ya manjano, wakajaribu za dengi na za virusi vingine walivyokuwa navyo. Hakuna iliyomfaa panya. Januari 1948 virusi vile vile vikapatikana kwenye mbu wa msitu ule ule, na jina la msitu likawa jina lao.

Zika haiko peke yake. West Nile ilipatikana mwaka 1937 kwenye damu ya mama mmoja wa wilaya ya West Nile. Bundibugyo, aina ya Ebola yenye jina la wilaya ya magharibi mwa Uganda, ilijulikana mwaka 2007. O'nyong-nyong ya mwaka 1959 ilipata jina la Kiacholi linaloeleza jinsi viungo vinavyouma, na mtu aliyewahi kuugua hahitaji kutafsiriwa.

Shida ya majina haya ni kwamba hayakuonyeshi undugu. Muganda akikutajia jina lake, mzee anayezijua koo mara nyingi atasema huyu ni wa Mmamba, yule ni wa Nkima, bila kuuliza. Sasa chukua virusi vya Semliki na vya Bunyamwera: vyote vilitolewa kwenye mbu wa msitu mmoja wa Semliki, magharibi mwa Uganda, mwaka 1942 na 1943, na hata ukoo hawashirikiani. O'nyong-nyong ya Waacholi ina ndugu wa karibu kusini mwa Tanzania, chikungunya, jina la Kimakonde. Na Zika ni binamu wa dengi na homa ya manjano, kiasi kwamba kipimo cha kingamwili huweza kumchanganya mtu aliyechanjwa homa ya manjano na aliyeumwa Zika.

Ndiyo maana leo undugu unasomwa kwenye jeni. Zika ina herufi za kijenetiki karibu 10,800, na ukizipanga kando ya za dengi unaona wazi zilipofanana na zilipoachana. Kamati ya kimataifa ya kuainisha virusi imeamua kila spishi iwe na majina mawili, kama ilivyo kwa mimea na wanyama. Zika sasa ni Orthoflavivirus zikaense, West Nile ni Orthoflavivirus nilense, Semliki ni Alphavirus semliki. La kwanza linakutajia ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Mitaani hakuna atakayeyatumia, na wala hatakiwi.

Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri ugonjwa mpya usipewe jina la mahali, mtu wala mnyama, maana jina huwaharibia watu biashara na heshima. Majina ya zamani yamebaki yalivyo. Na maabara ya nje ikiagiza Zika ile ya kwanza kabisa, inayotunzwa hadi leo, kichupa huja kimeandikwa MR766, namba ya yule kima wa Kisubi.