Hisi ya mguso na utafiti wa Ardem Patapoutian: dhana potofu na ukweli

Katika milango mitano ya fahamu tunayofundishwa shule ya msingi, ngozi hutajwa mwisho na kupitiwa harakaharaka. Hata kwenye maabara mguso ulichelewa. Namna jicho linavyopokea mwanga na pua inavyopokea harufu ilishajulikana, lakini hadi mwaka 2010 hakuna aliyekuwa ameitambua protini inayogeuza mguso kuwa umeme wa neva kwa binadamu na wanyama wenzake wanaonyonyesha. Walioipata ni timu ya Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut mwenye asili ya Armenia, katika taasisi ya Scripps Research huko California. Mwaka 2021 alitunukiwa Nobel ya Tiba pamoja na David Julius, mtafiti wa hisi ya joto. Tangu hapo mengi yamesemwa kuhusu kazi hiyo, na si yote yaliyo sahihi.

Dhana: Ugunduzi huu ulikuja kwa bahati tu

Bertrand Coste, mtafiti wa maabara hiyo, alikuwa akibonyeza seli moja ya panya kwa ncha nyembamba ya kioo huku ncha nyingine ikipima umeme. Kila seli ilipobonyezwa, mkondo mdogo ulionekana. Timu ikaorodhesha jeni 72 zilizoshukiwa, ikawa inazima moja, inabonyeza, inapima, kisha inakwenda kwenye inayofuata. Jeni baada ya jeni, mkondo ulibaki palepale. Ulipotea walipozima ya 72, ya mwisho kabisa kwenye orodha. Mtu aliyekata tamaa kwenye ya 60 asingelaumiwa na yeyote.

Protini inayotokana na jeni hiyo iliitwa Piezo1, na nduguye Piezo2 akapatikana muda si mrefu. Zote mbili hukaa kwenye utando wa seli kama vilango: utando ukivutwa au kubonyezwa, vinafunguka na chembe zenye chaji ya umeme zinaingia.

Dhana: Mguso, maumivu na joto ni hisi moja yenye viwango tofauti

Jibu lilitoka kwa wagonjwa. Mwaka 2016, Alexander Chesler, Carsten Bönnemann na wenzao katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walieleza habari za watu wawili waliozaliwa bila Piezo2 inayofanya kazi. Walihisi joto na baridi, na maumivu waliyajua. Lakini mtetemo ukiwekwa juu ya ngozi hawakuutambua. Wakifumbwa macho hawakuweza kusema kiungo chao kimekunjwa kuelekea wapi, na kutembea kukawa taabu kubwa. Yaani Piezo2 ndiyo pia inayotuwezesha kujua mkono uko wapi gizani, hisi ambayo haimo kabisa kwenye ile milango mitano. Mwaka 2020 ikaonekana kwamba watu wenye hali hii wana shida ya kuhisi kibofu kimejaa. Wapo wanaokwenda haja ndogo kwa kufuata saa.

Dhana: Huu ni utafiti wa anasa, haugusi maradhi yetu

Piezo1 iko pia kwenye seli nyekundu za damu. Mwaka 2018 maabara hiyohiyo ilionyesha kuwa badiliko moja la jeni hiyo linapatikana kwa takribani theluthi moja ya watu wenye asili ya Afrika. Seli zenye badiliko hilo hupoteza maji, na kimelea cha malaria hupata shida kuziingia. Panya waliopewa badiliko la aina hiyo walistahimili malaria kali kuliko wenzao. Kwa binadamu, utafiti wa watoto nchini Gabon uliunga mkono kinga hiyo, ila tafiti nyingine hazikuiona. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuacha chandarua kwa sababu ya jeni.

Dhana: Makala ikinukuliwa sana, basi ni ya kweli na bora

Makala ya mwaka 2010 katika jarida la Science imenukuliwa maelfu ya mara, na wengi hudhani hesabu hiyo ndiyo iliyoleta Nobel. Hapana. Kamati ya Karolinska, Uswidi, inayoshughulikia Nobel ya Tiba, hufanya kazi kwa mapendekezo ya wataalamu na uchunguzi wa ugunduzi wenyewe. Kunukuliwa huonyesha kwamba kazi imetajwa, basi. Makala ya daktari Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo na usonji kimakosa, imenukuliwa mno, ingawa jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010. Wengi wa walioinukuu walikuwa wakiipinga.

Hata kipimo cha h, alichopendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005 (mtafiti ana h ya 10 ikiwa makala zake 10 zimenukuliwa angalau mara 10 kila moja), hakifai kulinganisha fani yenye watafiti wachache na yenye watafiti wengi. La maana ni kuuliza nani ananukuu, na kwa kazi gani. Wanaonukuu kazi za Piezo leo wengi hawachunguzi mguso hata kidogo: wako wa shinikizo la damu, wa mapafu, wa mifupa, na wako wanaotazama jinsi mzizi wa mmea unavyopenya udongo mgumu.