Kwa nini CT scan, pamoja na ukubwa wake wote, hujibu "labda"?

Ripoti ya CT haisemi pole. Yangu ilikuwa karatasi moja ya Kiingereza, na katikati yake mstari uliosema kwamba kwenye pafu la kulia, sehemu ya juu, kuna kivimbe cha milimita 7 ambacho asili yake haijulikani dhahiri. Wifi yangu, aliyenisindikiza, aliisoma mara mbili palepale kwenye benchi, kisha akanigeukia: "Sasa wifi, lidude lote lile, linashindwaje kujua?"

Niliguna tu. Lakini swali la wifi lilinikaa kichwani wiki nzima, na nilipoanza kulifuatilia nikakuta lina majibu mazuri kuliko nilivyodhani.

Kwanza mjue jambo moja. Nina baridi yabisi. Si ile ya magoti kuuma msimu wa mvua, ambayo mtaani kwetu kila aliyefika miaka 50 anadai anayo. Yangu ni rumatoidi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inawageukia wenye nyumba na kuanza kushambulia viungo. Nimeishi nayo miaka 11. Kila Ijumaa usiku nameza metotreksati, dawa ya kuipunguza nguvu kinga hiyo. Nimeyataja haya mapema kwa sababu yanabadilisha kabisa namna picha ya pafu langu inavyosomwa.

Turudi kwenye lidude. Sisi husema "nimepigwa picha", na neno hilo picha ndilo linalotupoteza. Kamera hunasa sura ya kitu. CT haina habari na sura, yenyewe hupima vivuli. Mionzi ya eksirei hupitishwa mwilini kutoka pande zote, vipokezi upande wa pili huhesabu ni kiasi gani kimefika, halafu kompyuta inapiga hesabu ya kurudi nyuma ili ijue kila sehemu ya mwili imezuia mionzi kiasi gani. Mmoja wa walioivumbua hesabu hiyo ni Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulitafakari jambo hilo mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi kwenye hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mashine yenyewe iliundwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, ndiyo, walewale wa santuri, na mgonjwa wa kwanza akaingizwa ndani yake London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel ya tiba, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa daktari.

Picha hiyo basi ni jedwali la namba lililopakwa rangi ya kijivu. Zile za mwanzo zilikuwa na vijisanduku 80 kwa 80. Za leo kwa kawaida ni 512 kwa 512. Kila kijisanduku kina namba yake: maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mafuta yanazunguka hasi 100, na mfupa mgumu unaweza kufika 1000 na zaidi. Kwa hiyo CT ikikuta kifuko cha maji kwenye figo, inasoma karibu na sifuri, na daktari anaandika "maji" na kwenda kunywa chai. Ikikuta kivimbe cha pafu kilichojaa chokaa chote, namba zinapaa, na kwa nchi kama zetu hilo mara nyingi ni kovu la kifua kikuu cha zamani kilichokwisha kazi. Hapo huwezi kuona neno "labda".

Taabu iko katikati. Msuli, kovu lisilo na chokaa, tezi iliyovimba, uvimbe wa saratani: vyote hivi namba zake huangukia eneo lilelile, makumi machache juu ya maji. Pima kilo ya mchele, kisha pima kilo ya maharage. Mizani itakupa jibu moja mara zote mbili na haitakuwa imekosea, maana kazi yake ni kupima uzito, na wewe unataka ikuambie kilichomo mfukoni.

Udogo nao una fujo yake. Mashine huukata mwili kwa hesabu, vipande vipande, kama mkate wa boflo. Kipande kikiwa na unene wa milimita 5 na kivimbe kikiwa cha milimita 4, kijisanduku kimoja kinabeba nyama kidogo na hewa kidogo, na namba inayotoka ni ya mchanganyiko. Ni kama tui lililozidishwa maji: ukilionja hujui ni tui jepesi au ni maji yaliyosuuzia kifuu.

Hayo yangempata mtu yeyote. Mgonjwa wa siku nyingi ana la ziada, nalo ni kwamba mwili wake umeshaandikwa sana. Chukua kivimbe changu. Rumatoidi yenyewe huotesha vivimbe kwenye mapafu, vingi havina madhara. Dawa ninayomeza inaipunguza nguvu kinga, kwa hiyo kifua kikuu na fangasi vinapata upenyo. Nimekulia mahali ambapo kovu la kifua kikuu si kitu cha ajabu. Na saratani haijawahi kuomba ruhusa kwa mtu. Washukiwa wanne, kivuli kimoja.

Usiku wa siku ile nilipata mtandaoni mwongozo wa mwaka 2017 wa Fleischner Society, chama cha wataalamu wa picha za kifua, ambao madaktari wengi duniani huutumia kwa vivimbe vya mapafu vinavyokutwa kwa bahati. Unasema hivi: kivimbe kigumu kimoja chini ya milimita 6, kwa mtu asiye na hatari kubwa, hakihitaji kufuatiliwa, cha milimita 6 hadi 8, rudia CT baada ya miezi 6 mpaka 12, zaidi ya 8, fikiria kurudia baada ya miezi 3, au vipimo vingine, au kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kivimbe kikapimwe maabara. Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha nikasoma mstari unaosema mwongozo huo hauwahusu walio chini ya miaka 35, wenye saratani inayojulikana, wala wale ambao kinga yao imepunguzwa nguvu. Nilizima simu nikalala, yaani nilijilaza.

Wenzangu wa magonjwa mengine wana visa vyao. Mwenye sikoseli akipata maumivu makali ya mfupa, MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, inaweza kuonyesha mng'ao ambao ni mfupa uliokosa damu, au ni mfupa ulioingiwa na bakteria. Vinafanana mno, hasa siku za mwanzo, na daktari inabidi aegemee homa, vipimo vya damu na kuotesha vijidudu maabara. Mwenye figo zilizochoka naye hukwama mahali pengine kabisa. Ili picha ing'ae, mara nyingi mtu huchomwa dawa mshipani, na figo ndizo zinazoitoa. Kwenye CT dawa hiyo ina ayodini, na figo zikiwa dhaifu madaktari huiwekea mizani kwanza. Kwenye MRI hutumika dawa yenye gadolini, na mwaka 2006 ilibainika kwamba baadhi ya aina zake zinahusiana na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa watu wenye figo zilizofeli. Aina za sasa zina hatari ndogo zaidi, lakini tahadhari imebaki. Matokeo yake, mtu anayehitaji picha safi kuliko wote anapigwa picha bila dawa, na ripoti inarudi na ukungu.

Kisha kuna msomaji. Daktari bingwa wa mionzi kwa kawaida hakuoni wewe. Anaiona fomu, na fomu ikiandikwa "kikohozi" peke yake, bila baridi yabisi, bila metotreksati, anasoma kivuli cha mtu asiyemjua. Ile sentensi ya mwisho inayotuudhi wengi, kwamba matokeo yalinganishwe na hali ya mgonjwa, nilikuwa naiona ni ya kukwepa lawama. Siku hizi naisoma kama ombi: niambieni huyu ni nani. Jicho lenyewe pia lina mipaka yake. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichomeka picha ya sokwe kwenye CT za mapafu, wakawapa madaktari 24 wa mionzi watafute vivimbe. Sokwe alikuwa mkubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wanatafuta vivimbe, na jicho humpa mtu alichotumwa.

Kinachomsaidia msomaji kuliko maneno yote ni picha ya zamani. Kivimbe kigumu kilichokaa miaka miwili bila kubadilika kwa kawaida huhesabiwa hakina madhara, basi, mambo yamekwisha. Na kwetu mwenye kutunza picha mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe: ile bahasha kubwa inayokaa juu ya kabati au chini ya godoro mpaka ipate mikunjo. Ya kwangu ya kifua, ya mwaka 2013, iliishia kwa watoto wa nyumba nzima tarehe 1 Septemba 2016, siku ya kupatwa kwa jua, walipoikata vipande wakatazamie angani. (Usifanye hivyo, filamu ya eksirei haizuii miale inayochoma jicho.) Daktari aliponiuliza, "Mama, una picha yoyote ya nyuma?" nikamweleza habari ya jua. Alicheka, nami nikacheka, ingawa moyoni nilikuwa nawahesabu wale watoto mmoja mmoja.

Basi, nikiwa sina picha ya jana, tukabaki na ya kesho. Akanipangia kurudia baada ya miezi mitatu. Nilimwuliza kwa nini si wiki ijayo, akachukua kalamu akanichorea duara. Kivimbe cha duara kikiongezeka ujazo mara mbili, upana wake hauongezeki mara mbili. Unaongezeka kama asilimia 26 tu. Changu cha milimita 7 kikijaa mara mbili ya kilivyo, kitasoma karibu 9. Milimita mbili! Na madaktari wawili wakipima kivimbe kilekile siku ileile wanaweza kupishana milimita moja na ushee. Saratani ngumu za mapafu hukadiriwa kuchukua kati ya siku 20 hivi na 400 kujaa mara mbili. Ukirudia baada ya wiki moja utakuwa unapima mkono wa mpimaji, na mionzi umeshaila. Kumbe ile miezi mitatu niliyodhani ni foleni ni sehemu ya kipimo.

Kwa nini wasichome sindano wachukue kinyama, wamalize? Kwa sababu sindano ya pafu inaweza kuvujisha hewa kifuani, na kivimbe cha milimita 7 ni shabaha ndogo inayopanda na kushuka kila unapovuta pumzi. Halafu vingi vya vivimbe hivi si kitu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011, wenye watu 53,454 waliovuta sana sigara, ulikuta kwamba katika majibu ya CT yaliyotia shaka, asilimia 96.4 hayakuwa saratani. Wale si sisi, na kinga yangu si yao, kwa hiyo sikuifanya namba hiyo kuwa mto wa kulalia. Ila iliniwezesha kula.

Kungoja kwenyewe sikukuweza vizuri. Kuna homa ya mtihani, na hii nimeipa jina la homa ya majibu: inapanda wiki mbili kabla, na haishuki kwa panado. Kilichonifaa kidogo ni kuandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani ili isizunguke kichwani, na kumwambia wifi na mume wangu tu. Pole za ukoo mzima ni mzigo, kila mmoja anakuja na mgonjwa wake aliyemjua. Nilimwomba pia daktari anitajie ni dalili zipi zisingoje tarehe: kukohoa damu, kupungua uzito bila sababu, jasho la usiku, homa isiyokatika. Kitu kimoja nilikaribia kukosea. Ijumaa ya kwanza niliviweka vidonge mezani nikavitazama, nikijiambia labda ndivyo vilivyoleta haya, na nikavirudisha koponi. Jumatatu vidole vilikuwa vimeanza kukaza. Nilipiga simu kliniki, nesi akaniambia, "Mama, dawa haiachwi na mgonjwa. Njoo umwone daktari muongee." Nilikwenda, na tukaendelea nazo.

Picha ya pili nimepigwa mwezi uliopita. Safari hii nilimwomba daktari aandike kwenye fomu: rumatoidi, metotreksati, linganisha na ya awali. Ripoti imerudi na mistari michache kuliko ya kwanza. Milimita 7, hakuna badiliko linalopimika. Jina bado hakina. Wifi aliisoma mara moja tu, akauliza, "Kwa hiyo ni nini?" Nikamwambia mpaka sasa ni kitu cha milimita 7 kisichokua, na kwamba tunarudi baada ya miezi sita. Bahasha nimeiandika tarehe kwa kalamu nene, nimeiweka chumbani kwangu, na ufunguo wa kabati nakaa nao mwenyewe.