Mtetezi: neno hili lina maana gani kwetu Zanzibar?

Kuku akikaribia kutaga hutetea: hulia, huzunguka, mpaka nyumba nzima ijue kuna jambo. Kwa binaadamu, kutetea ni kumsemea mtu ambaye akisema mwenyewe hasikilizwi, au akithubutu kusema ataumia. Anayeifanya kazi hiyo ni mtetezi. Siku hizi huitwa pia mwanaharakati, ingawa neno hili la pili limeshaingia harufu ya siasa, na ukiitwa hivyo barazani ujue husifiwi.

Mtetezi ninayemkusudia hapa ni yule anayesimamia haki za mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia. (Na hilo neno shoga nalo! Bibi wa Wete akimwita jirani yake "shoga yangu" anamaanisha rafiki yake wa kike, basi. Sisi ndio tuliolitwika mzigo.)

Wengi Unguja na Pemba hudhani kazi ya mtetezi huyu ni kuwahimiza watu wafanye mapenzi ya jinsia moja. Sivyo. Anayemtetea ni mtu: asipigwe, asifukuzwe hospitali, asikamatwe ovyo, na akikamatwa apate wakili kama anavyopata mwizi. Wapo pia wanaotaka sheria inayokataza mapenzi hayo ifutwe, na raia kulidai hilo kwa maneno si uhalifu.

Sheria yetu inaadhibu kitendo. Ile ya Adhabu ya mwaka 2004 iliwataja hata wanawake kwa wanawake, na ya 2018 iliyoshika nafasi yake haikulifuta kosa. Kwa wanaume kifungo kinaweza kufika miaka 14. Lakini kuwa shoga, yaani hali yenyewe ya mtu, hakukuandikwa kuwa kosa. Mpaka huo mwembamba ndipo anaposimama mtetezi, kwa sababu ndio unaorukwa kila mara.

Septemba 2017 polisi wa Zanzibar waliwakamata hotelini watu 20, wanawake 12 na wanaume 8, waliokuwa kwenye mafunzo ya UKIMWI. Novemba 2018 wakakamatwa wanaume 10 Pongwe, kwa madai kwamba palikuwa na harusi ya wanaume. Waliachiwa siku chache baadaye. Kwa wale wa hotelini, kitendo kiko wapi? Kukaa kitini na kusikiliza somo?

Na kukamatwa si mwisho. Tanzania wapo waliolazimishwa kupimwa njia ya haja kubwa ili "ushahidi" upatikane. Chama cha Madaktari Duniani kiliukataa upimaji huo mwaka 2017: kisayansi hauthibitishi kitu, na unamdhalilisha mtu. Kijana aliye mahabusu, viatu mkononi, hayajui hayo. Lazima awepo wa kuyasema kwa niaba yake, tena mapema, kabla hajapandishwa gari la hospitali.

Faida ya mtetezi haiishii kwa anayetetewa. Kwa jumla maambukizi ya virusi vya UKIMWI Zanzibar yako chini ya asilimia 1, lakini katika makundi maalumu, wakiwemo wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, yako juu zaidi. Anayeogopa kukamatwa kwa kuhudhuria somo hatakwenda kliniki kuchukua dawa, na baadhi ya wanaume hawa wana wake nyumbani.

Utaambiwa jambo hili linagongana na dini. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nalijua hili tu, kwamba Surat Al-Hujurat imekataza kupelelezana, na kwamba sitara ni jambo ambalo wazee wetu walilithamini kuliko sisi tunaopigana picha za simu na kuzirusha.

Kwa hiyo usimtafute mtetezi wa Zanzibar kwenye maandamano. Kazi yake nyingi hupita kimya: kuzungumza na muuguzi anayewatangaza wagonjwa, kumwendea sheha kabla kijana hajatolewa vitu nje na mwenye nyumba, kumpata wakili asiyeogopa jina lake kuingia kwenye jalada. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Oktoba 2017 polisi wa Dar es Salaam waliwakamata watu 13 waliokuwa kikaoni wakijadili kwenda mahakamani kudai huduma za afya zilizozuiwa. Mawakili nao walikuwemo.