Mjamzito Mwenye Viza ya F-1 Marekani: Usifute Somo Kabla ya Ruhusa

Wanafunzi wajawazito wanaosoma Marekani kwa viza ya F-1 huniuliza, karibu kila muhula, ni viza gani nyingine wanayopaswa kuomba sasa kwa kuwa wanatarajia mtoto. Hakuna. Ujauzito haubatilishi viza, wala hakuna kifungu kinachomlazimu mwanafunzi kurudi kwao kwa sababu ameshika mimba. Kinachoweza kumpotezea hadhi yake ya uanafunzi ni namna anavyoyashughulikia masomo katika miezi hiyo, na hapo ndipo ninapowaomba dada zangu wanisikilize kwa makini.

Miaka michache iliyopita aliingia ofisini kwangu mwanafunzi kutoka Kenya, mimba ikiwa ya miezi saba, miguu imevimba hata kamba za viatu zikawa hazifungiki. Ijumaa alikuwa amefuta masomo mawili kwenye tovuti ya chuo kwa ushauri wa mwalimu aliyemwonea huruma, akabaki na krediti 6 badala ya 12 zinazotakiwa kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Jumatatu akaja kunieleza, mkononi ana barua ya mkunga wake. Kanuni inataka mshauri wa chuo aliyeidhinishwa aingize ruhusa kwanza katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ndipo masomo yapunguzwe. Tena barua itoke kwa daktari mwenye leseni, si kwa mkunga wala muuguzi, hata kama ndiye anayemhudumia mjamzito kila wiki. Kwa bahati njema muda wa kurudisha masomo ulikuwa haujapita. Tulimrudisha darasani siku ileile, daktari akaandika barua Jumatano, ruhusa ikaingizwa Alhamisi, na masomo yale mawili yakafutwa upya kwa utaratibu.

Ruhusa hiyo ya kiafya ndiyo ninayoiona inawafaa wengi. Kwa ruhusa hiyo mwanafunzi anaweza kupunguziwa masomo, au hata asisome somo lolote muhula huo, naye akaendelea kukaa kihalali, akajifungua na kupona. Jumla yake, hata hivyo, haizidi miezi 12 katika ngazi moja ya masomo, na huombwa upya kila muhula. Barua isiishie kusema kwamba mwanafunzi ni mjamzito. Daktari aeleze kuwa anapendekeza, kwa sababu za afya, masomo yapunguzwe au yasimamishwe. Ikiwa tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye fomu ya I-20, hati ya chuo inayothibitisha uanafunzi wake, inakaribia, nyongeza ya muda iombwe kabla ya tarehe hiyo, na sababu za kiafya zenye uthibitisho hukubalika.

Wapo wanaopenda kujifungulia nyumbani, na ninawaelewa vizuri, kwa maana huko yupo mama wa kumkanda mzazi, kumpikia uji na kumpokea mtoto usiku. Huyo huomba kuondolewa masomoni kwa ruhusa, kisha huwa na siku 15 za kuondoka nchini. Anayeacha masomo bila ruhusa hapewi hata siku moja. Asipokaa nje zaidi ya miezi 5, mara nyingi rekodi yake ya SEVIS inaweza kufufuliwa. Ikizidi hapo atahitaji I-20 mpya na kulipa tena ada ya SEVIS ya dola 350, na atalazimika kusoma mwaka mzima wa masomo kabla ya kustahili tena kibali cha OPT, yaani cha kufanya kazi inayohusiana na masomo yake. Naye mtoto aliyezaliwa huko atahitaji viza ya F-2, ya mwenzi au mtoto wa mwanafunzi, I-20 yake mwenyewe na ushahidi wa fedha za kumtunza. Kwa hiyo anayepanga kukaa hadi arobaini ya mtoto ipite apige pia hesabu ya foleni ya miadi ya ubalozi.

Aliyekwisha kuhitimu na yuko kwenye OPT ana hesabu nyingine: haruhusiwi kuzidisha siku 90 bila kazi. Namshauri azungumze na mwajiri mapema kuhusu likizo ya uzazi iliyoandikwa, asikubali kuacha kazi akitumaini kuajiriwa tena baadaye.

Mume anaweza kuja kwa viza ya F-2, lakini haruhusiwi kufanya kazi, jambo ambalo familia nyingi hulitambua zikiwa zimeshapanga nyumba. Bibi anayekuja kusaidia malezi huomba viza ya matembezi ya B-2.

Kuhusu uraia wa mtoto, Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1868, ndiyo msingi wa uraia wa kuzaliwa. Amri ya rais ya tarehe 20 Januari 2025 ililenga kuwanyima uraia huo watoto wa wazazi wenye viza za muda, na ilipingwa mahakamani papo hapo. Hili ni la kumuuliza wakili wa uhamiaji wakati wa kujifungua unapokaribia. Ujumbe uliosambazwa WhatsApp hautoshi. Upande wa nyumbani, Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu mtoto kuwa raia wa kuzaliwa popote anapozaliwa, mradi baba au mama ni Mkenya. Wazazi Watanzania wakumbuke kwamba sheria yao haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo atakapotimiza miaka 18 mtoto mwenye pasipoti mbili atakabiliwa na uamuzi, na cheti chake cha kuzaliwa kitahitajika kwa kila hatua. Ombeni nakala kadhaa zilizothibitishwa tangu mwanzo.