Umefanyiwa upasuaji wa kongosho na chakula hakikai mwilini? Tuongee kuhusu kapsuli za vimeng'enya

Kuna swali nawauliza karibu wote wanaorudi kliniki baada ya upasuaji wa kongosho, nawauliza hizi kapsuli za vimeng'enya (dawa ya kusaidia chakula kivunjwe tumboni) unazimezaje, na jibu ninalolipata mara nyingi ni "kutwa mara tatu". Asubuhi moja, mchana moja, jioni moja. Wengine wanameza nusu saa kabla ya kula, wengine wanasubiri washibe kwanza ndo wameze, wengine wanaimeza usiku wakiwa wanapanda kitandani na tumboni hamna kitu. Alafu kilo zinaendelea kushuka, tumbo linajaa gesi linanguruma usiku kucha, choo kinanuka mpaka mtu anaogopa kwenda kwa watu, na mwisho anaamua dawa hii haifai anaiacha. Kumbe dawa haina shida yoyote. Kapsuli hizi hazifuati saa, zinafuata sahani. Mimi ni mtaalamu wa lishe nafanya kazi na wagonjwa wa upasuaji wa tumbo, na hili jambo moja likieleweka vizuri naona mtu anabadilika ndani ya wiki chache tu, ndo maana nimeamua kuliandika kwa urefu.

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa tumbo na lina kazi mbili. Ya kwanza watu wengi wanaijua, kutengeneza insulini na homoni nyingine za kusawazisha sukari. Ya pili ndo haizungumzwi sana, kila siku kongosho zima linatoa lita moja na zaidi ya maji yenye vimeng'enya vya kuvunja mafuta, protini na wanga, pamoja na chumvi inayopunguza makali ya tindikali inayotoka tumboni. Ukila, chakula kikianza kushuka kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo mwembamba kinakutana hapo na hayo maji na nyongo kwa wakati mmoja, kinavunjwa, kinafyonzwa. Kimeng'enya cha kuvunja mafuta kinaitwa lipesi na hicho ndo tunachokihesabu kwenye kapsuli, kwa sababu mafuta ndo ya kwanza kushindikana kongosho likiishiwa nguvu.

Sasa upasuaji. Ule mkubwa unaosikika sana ni wa Whipple, umepewa jina la Allen Whipple, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyeuelezea mwaka 1935. Hapo wanatoa kichwa cha kongosho, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo, kipande cha mrija wa nyongo na wakati mwingine kipande cha tumbo, kisha wanaunganisha upya vilivyobaki. Watu wanadhani shida ni kwamba kongosho limepungua tu, lakini kuna kingine hapo. Ile sehemu ya utumbo iliyotolewa ndo ilikuwa inahisi chakula kimefika na kulipigia kongosho simu kwamba mwaga maji, kwahiyo hata kongosho lililobaki likiwa na nguvu linaweza kumwaga limechelewa au likamwaga kidogo, chakula kimeshapita. Waliotolewa mkia wa kongosho wana nafuu zaidi, wengine hawahitaji kapsuli kabisa ila wafuatiliwe. Aliyetolewa kongosho lote hana mjadala, vimeng'enya na insulini ni vya maisha yote.

Dalili unazijua ukishaambiwa cha kutazama. Choo kinakuwa kingi, cha rangi ya kufifia, laini, kinaelea, kinanata kwenye sinki na maji hayakiondoi kirahisi, wakati mwingine unaona kama mafuta yanaelea juu ya maji. Tumbo linavimba baada ya kula, gesi, maumivu ya kunyonga, kwenda chooni haraka haraka mara umalizapo kula. Na kilo zinashuka hata kama unakula. Ila nisisitize hapa, choo cha mafuta ni dalili inayochelewa, inaweza isionekane mpaka uwezo wa kongosho kutoa vimeng'enya umepotea kwa karibu asilimia 90, na kuna mtu ambaye amejifunza mwenyewe kukwepa mafuta kwa hiyo choo chake kinaonekana kizuri huku mwili unakonda na misuli ya mapaja inaisha. Usisubiri choo kiharibike ndo useme. Kipo kipimo cha kinyesi cha kupima elastesi, kimeng'enya kingine cha kongosho, chini ya mikrogramu 200 kwa gramu moja ya kinyesi ni upungufu na chini ya 100 ni upungufu mkubwa, lakini baada ya Whipple kipimo hicho hakiaminiki sana, madaktari wengi wanaanzisha dawa kwa kuangalia aina ya upasuaji na dalili, na mimi nakubaliana nao. Kumchelewesha mtu anayekonda kwa sababu ya kusubiri majibu sio sawa.

Haya, tuje kwenye kumeza. Kapsuli ina chembechembe ndogo zilizovikwa ganda, hilo ganda ni la kuzilinda zisiharibiwe na tindikali ya tumbo, linayeyuka zikishafika kwenye utumbo ambako tindikali imepungua. Zinatakiwa zishuke pamoja na chakula, zimechanganyika nacho. Ndo maana ukimeza nusu saa kabla zinatangulia peke yake, ukimeza baada ya kushiba chakula kimeshatangulia, vyote viwili ni hasara. Meza na tonge la kwanza au la pili, kwa maji ya baridi au ya kawaida. Kama una kapsuli mbili au zaidi kwa mlo, gawanya, nyingine mwanzoni nyingine katikati ya kula, na kama ni mlo mrefu wa kukaa na watu mnaongea mnakula taratibu, mkiongezewa sahani na wewe unaongeza kapsuli. Usitafune, usisage, na usizishike mdomoni, vimeng'enya havijui tofauti ya nyama ya kwenye sahani na ngozi ya mdomo wako, vitakutoa vidonda. Anayeshindwa kumeza kapsuli anaweza kuifungua akamwaga chembechembe kwenye kijiko cha tunda lililopondwa lenye uchachu kidogo, lisiwe la moto, akameza hapohapo bila kutafuna na kusukutua mdomo kwa maji. Usichanganye kwenye uji au supu ya moto, joto linaua vimeng'enya, na usiichanganye ukaiacha ikae.

Joto linaniuma kwa sababu nyingine pia. Unakuta mtu anameza vizuri kabisa, kipimo sahihi, lakini kopo linakaa dirishani juani au kwenye gari au karibu na jiko. Hizi dawa nyingi zinatakiwa zikae chini ya nyuzi joto 25, kifuniko kimefungwa, pasipo unyevu. Zikipigwa joto zinabaki na umbo lake na rangi yake, kilichokufa ni cha ndani, na wewe utadhani ugonjwa umeongezeka. Angalia na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ukisahau ukakumbuka uko katikati ya kula, meza hapohapo. Ukikumbuka baada ya saa nzima acha, subiri mlo unaofuata, na usimeze mara mbili kufidia.

Kiasi gani? Miongozo mingi kwa mtu mzima inaanzia yuniti 40,000 hadi 50,000 za lipesi kwa mlo kamili, na nusu yake kwa kitafunwa au kinywaji chenye maziwa. Kapsuli zipo za nguvu tofauti, kuna za 10,000, za 25,000, za 40,000, kwahiyo mtu akikwambia "mimi nameza mbili" hujajua kitu, soma namba kwenye kopo. Nimeona mtu aliyebadilishiwa kutoka za 25,000 kwenda za 10,000 kwa sababu dukani hazikuwepo zile za kwanza, akaendelea kumeza mbili mbili, akarudi amepungua na anajilaumu. Namba ikibadilika na idadi inabadilika. Na hicho kiasi cha kuanzia ni cha kuanzia kweli, wengi wanahitaji kupanda, mlo wenye mafuta mengi unataka zaidi ya mlo mwepesi. Msiogope ukubwa wa namba, kongosho zima likiwa na afya linamwaga mamia ya maelfu ya yuniti kwa mlo mmoja. Panda taratibu kwa kuelewana na daktari au mtu wa lishe. Kuna kikomo kinachotajwa kwenye maelezo ya dawa, yuniti 10,000 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani mwenye kilo 60 ni 600,000, sawa na kapsuli 24 za 25,000. Ukiona unakaribia huko usiongeze mwenyewe hata moja, hapo lazima tutafute sababu nyingine.

Maji, chai au kahawa isiyo na maziwa, juisi, tunda moja, hivyo havihitaji kapsuli. Maziwa yanahitaji. Vile vinywaji vya lishe vya kuongeza uzito vinahitaji, na hapa wengi wanakosea, mtu anakunywa kopo zima la kinywaji cha lishe bila kapsuli kwa sababu anasema hiki ni kinywaji sio chakula, kinapita chote.

Kitu kingine kinachonisikitisha ni watu kukatazwa mafuta. Majirani, ndugu, wakati mwingine hata watu wa afya wanamwambia mgonjwa usile mafuta kabisa kongosho halitaki mafuta. Mtu ametoka kwenye upasuaji mkubwa, kidonda kinataka kupona, labda mbele yake kuna tibakemia (dawa za saratani), alafu unamnyima chakula chenye nguvu kuliko vyote! Tunachofanya siku hizi ni kuongeza kapsuli zilingane na mafuta, sio kupunguza mafuta yalingane na kapsuli. Kula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, kwa sababu tumbo baada ya Whipple linaweza kuchelewa kushusha chakula na unashiba haraka, anza na protini kwenye sahani, mayai, samaki, nyama laini, kunde. Makapi (nyuzinyuzi za chakula) mengi sana mwanzoni yanashibisha bila kukupa nguvu na yanaweza kupunguza kazi ya vimeng'enya, yasubiri. Pombe na sigara acha kabisa.

Naulizwa sana kuhusu nguruwe. Ndiyo, vimeng'enya hivi vinatengenezwa kutoka kongosho la nguruwe, na hamna mbadala wa kawaida unaofanya kazi sawa. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa ukweli huo kabla hajaandikiwa, sio aje kuusoma mwenyewe kwenye karatasi ya dawa. Viongozi wengi wa dini wanaruhusu dawa inapokuwa ya lazima na haina mbadala, ila ongea na kiongozi unayemwamini wewe, na utuambie umeamua nini. Kuacha kimyakimya ndo kunatuumiza, kwa sababu sisi tunaongeza kipimo cha dawa ambayo haimezwi.

Na kama unameza vizuri, kiasi kinatosha, dawa haijaharibika, bado tumbo linasumbua? Hapo kuna mambo ya kuangaliwa. Tindikali ya tumbo inaweza kuwa nyingi kuliko kongosho lililobaki linavyoweza kuipoza, ganda la chembechembe linachelewa kuyeyuka, daktari anaweza kuongeza dawa ya kupunguza tindikali kama omeprazoli na ukaona tofauti kubwa. Bakteria wanaweza kuwa wamezaliana sana kwenye utumbo mwembamba. Nyongo inaweza kuwa inapita bila kufyonzwa. Chakula kinaweza kuwa kinashuka kwa kasi sana, unatoka jasho na moyo kwenda mbio mara baada ya kula. Kila kimoja kina tiba yake na hakuna hata kimoja kinachotibiwa kwa kuongeza kapsuli.

Wenye kisukari mnisikilize vizuri. Vimeng'enya vikianza kufanya kazi chakula kinaanza kuingia mwilini kweli, kwahiyo sukari inaweza kupanda wiki za mwanzo, hiyo sio sababu ya kuacha kapsuli, ni sababu ya kupima mara nyingi zaidi na kurekebishiwa dawa. Upande wa pili, anayejichoma insulini alafu akala bila kumeza kapsuli, chakula hakifyonzwi vizuri wakati insulini inafanya kazi, sukari inaanguka. Kwa aliyetolewa kongosho lote ni hatari zaidi kwa sababu hata glukagoni, ile homoni ya kuipandisha sukari, haipo tena. Awe na kitu cha sukari mfukoni muda wote na watu wa nyumbani wajue la kufanya.

Mafuta yasipofyonzwa vitamini A, D, E na K zinaondoka nayo, na baada ya Whipple hata chuma na kalsiamu vinapungua kwa sababu sehemu iliyotolewa ndo ilikuwa inavifyonza zaidi. Omba vipimo vya damu angalau mara moja kwa mwaka, na uulizie na mifupa pia. Kushindwa kuona vizuri usiku, kuvilia damu kirahisi, maumivu ya mifupa, taja hata kama unaona hayahusiani. Na kama bandama lilitolewa pamoja na mkia wa kongosho, hakikisha umepata chanjo zako, na homa kwako sio ya kulala nayo mpaka asubuhi, nenda hospitali saa ileile.

Ukija kliniki njoo na kopo lenyewe la kapsuli na daftari la siku tatu tu, umeandika ulichokula, umemeza ngapi na kwenye tonge la ngapi, choo kilikuwaje, na kilo zako. Na kama kuna anayekupikia nyumbani mlete na yeye, kwa sababu mara nyingi yeye ndo anajua mafuta yaliyoingia kwenye sufuria.