Mke Anayepotea Kwenye Karatasi: dhana potofu kuhusu wahamiaji wa Kijerumani Marekani

Ukifuatilia maisha ya mume na mke waliohama Ujerumani kwenda Marekani katika karne ya 19, mume utampata. Yumo kwenye hati za shamba, kwenye daftari la mahakama siku aliyokula kiapo cha uraia, kwenye orodha ya askari. Mke ndiye hufifia. Hapa ni Katharina, pale Catherine, kwingine ni "mke wa" basi. Nimekaa na daftari hizi muda wa kutosha kuona kwamba mara nyingi kinachompoteza si moto wala panya. Ni yale tunayoyaamini kabla hatujafungua hata ukurasa mmoja.

Dhana hizo nitazipima kwa wanandoa wanaojulikana, Carl Schurz na Margarethe Meyer. Carl alizaliwa mwaka 1829 Liblar, karibu na Köln, akaingia kwenye mapinduzi ya Ujerumani ya 1848 na 1849, kisha akatorokea nje. Margarethe alizaliwa Hamburg mwaka 1833. Walioana London Julai 1852, na Septemba mwaka huohuo wakashuka New York. Carl akaja kuwa jenerali, seneta wa Missouri, na waziri katika serikali ya Rais Hayes.

Dhana: Wote walipitia Ellis Island, na makarani wa pale wakawabadilishia majina.

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote. Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York, ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, wakati wimbi kubwa la Wajerumani lilikuwa limeshapita. Kabla yake kulikuwa na Castle Garden, kwenye ncha ya kusini ya Manhattan, iliyopokea wahamiaji kuanzia 1855 hadi 1890. Carl na Margarethe walifika 1852, hata hiyo haijaanza. Na wengi hawakuiona New York kabisa. Walishukia Baltimore, Philadelphia, New Orleans au Galveston. Baltimore ilishamiri kuanzia 1868, kampuni ya meli ya Norddeutscher Lloyd ya Bremen ilipopatana na reli ya Baltimore and Ohio. Abiria alitoka melini akapanda treni ya magharibi palepale bandarini.

Ama majina, karani wa Marekani hakuwa akiyatunga. Alisoma orodha iliyokwisha kuandikwa na watu wa meli, na Ellis Island ilikuwa na wakalimani. Jina lilibadilika baadaye, polepole, kazini, shuleni, dukani. Müller akawa Miller, Schmidt akawa Smith, Zimmermann akaona bora alitafsiri akawa Carpenter. Kwa hiyo tafuta kwa tahajia zote, na usikie jina kwa sikio la karani anayesema Kiingereza na kuandika haraka.

Dhana: Walikuwa wakimbizi wa mapinduzi.

Carl alikuwa mmoja wao, ndiyo. Lakini wanamapinduzi wa aina yake walikuwa elfu chache tu, ilhali katika miaka ya 1850 peke yake Wajerumani walioingia Marekani walikaribia milioni moja. Walio wengi walikuwa wakulima, mafundi na watumishi wa nyumbani waliobanwa na uhaba wa ardhi, mavuno mabaya na bei ya chakula.

Dhana: Orodha ya bandari ya Ujerumani itawaonyesha.

Kama walipandia Hamburg, una bahati: orodha zake za kuanzia 1850 hadi 1934 zipo kwa sehemu kubwa. Kama walipandia Bremen, pole. Orodha za huko zilikuwa zikiharibiwa kwa kukosa nafasi ya kuzihifadhi, na nyingi zilizosalia zikapotea katika Vita Kuu ya Pili. Carl na Margarethe huwakuti kwenye orodha ya safari ya Amerika katika bandari yoyote ya Ujerumani, maana walisafiri kutoka Uingereza. Anzia upande wa Marekani, ambako sheria ya 1819 iliwataka manahodha wakabidhi majina ya abiria wao.

Dhana: Hati moja inasema "Hannover", nyingine "Prussia", basi hao ni watu wawili.

Kabla ya 1871 hapakuwa na dola moja iitwayo Ujerumani. Kulikuwa na falme na tawala nyingi: Prussia, Bavaria, Württemberg, Baden, Mecklenburg na nyinginezo. Hannover ilikuwa ufalme hadi Prussia ilipoumeza mwaka 1866. Kwa hiyo mtu yuleyule, aliyezaliwa kijiji kilekile, anaweza kuandikwa Hannover kwenye sensa ya 1860, Prussia mwaka 1880, na Germany mwaka 1900. Yeye hakuhama, mipaka ndiyo iliyohama. Na Hannover ni jina la mji pia, kwa hiyo usikimbilie kuandika kwamba alizaliwa mjini. Jina la kijiji chenyewe hupatikana zaidi kwenye daftari za makanisa ya Wajerumani hukohuko Marekani, ambako mchungaji aliyetoka nchi ileile alijua kukiandika.

Dhana: Jina linalotangulia ndilo aliloitwa.

Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa Johann Heinrich, Johann Friedrich na Johann Wilhelm, na hakuna hata mmoja anayeitwa Johann nyumbani. Lililoitwa mara nyingi ni la pili. Kwa wanawake ni Anna na Maria. Anna Katharina wa kwenye daftari la ubatizo anaweza kuwa Katharina, Catherine, Kate au Trina kwenye karatasi za Marekani, na huyo ni mtu mmoja.

Magharibi mwa Ujerumani, hasa Westphalia, mume aliyeoa mrithi wa shamba aliweza kuchukua jina la shamba hilo. Ukimtafuta baba yake kwa jina aliloondoka nalo, utazunguka miaka.

Dhana: Mke naye lazima ana hati yake ya uraia.

Sheria ya 1855 ilimfanya mke wa raia kuwa raia kwa sababu ya ndoa, na hali ilikaa hivyo hadi 1922. Mume akiapa, mke keshakuwa raia bila kalamu kugusa jina lake. Usihesabu miezi ukiitafuta hati ambayo haikuandikwa.

Dhana: Basi wanawake hawana historia.

Hapa ndipo napoombea subira. Margarethe alifungua chekechea mjini Watertown, Wisconsin, mwaka 1856, akaanza na binti yake Agathe na watoto wachache wa ukoo, wakifundishwa kwa Kijerumani. Inahesabiwa kuwa ya kwanza nchini Marekani. Mwaka 1859 alikutana na Elizabeth Peabody huko Boston, na mwaka uliofuata Peabody akafungua ya kwanza kwa Kiingereza. Margarethe alifariki New York mwaka 1876, ana miaka 42, baada ya kujifungua. Mumewe aliishi miaka thelathini zaidi, na karatasi nyingi ni zake.

Kwa mke ambaye mumewe hakuwa seneta, nenda kaburini kwanza. Mawe mengi ya wakati huo yameandikwa Kijerumani, na kifupisho "geb." kina kazi mbili. Kikitangulia tarehe, ni "alizaliwa". Kikitangulia jina, kama "geb. Schmidt", ndiyo sisi tungesema binti Schmidt. Herufi tatu hizo, zimeota kuvu na nusu zimelika, humrudisha mwanamke kwa baba yake.

Kisha tafuta jalada la pensheni ya mjane wa askari. Wanaume waliozaliwa Ujerumani waliopigana upande wa Muungano, yaani kaskazini, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani wanakadiriwa kufikia 200,000. Mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa yake, naye alileta alichokuwa nacho: hati ya mchungaji, kiapo cha jirani aliyekuwa harusini, hata ukurasa uliochanwa kwenye Biblia ya familia.

Mwisho fungua sensa ya 1900. Ile ya 1890 ilipotea karibu yote kufuatia moto wa Washington mwaka 1921, na pengo lake ni miaka ishirini. Sensa ya 1900 inaonyesha mwaka wa kuingia nchini, miaka ya ndoa, na mbele ya jina la kila mama kuna tarakimu mbili: watoto aliozaa, na walio hai. Ukikuta 9 na 5, hao wanne wanaweza kuwa walizaliwa na kuzikwa ndani ya pengo hilo, bila sensa yoyote kuwataja. Karani aliuliza, mama akajibu tisa.