Pantani hakunyang'anywa mataji yake

Ukimtaja Marco Pantani, mwendesha baiskeli wa Italia aliyesifika kwa kupanda milima, mtu atakwambia: alinaswa na dawa 1999, akapokonywa mataji. Sivyo. Asubuhi ya Juni 5, mjini Madonna di Campiglio, akiongoza Giro d'Italia, mbio kubwa za baiskeli za Italia, na zimebaki hatua mbili tu, alipimwa damu. Chembe nyekundu zilikuwa asilimia 52 ya damu; kikomo kilikuwa 50. Kipimo hicho hakitafuti dawa, kinaangalia uzito wa damu tu. Aliondolewa mashindanoni na kupumzishwa siku 15. Giro na Tour de France, mbio za Ufaransa, alizotwaa 1998 bado ni zake. Msafi? Hapana, jamani: mwaka 2013 ripoti ya Seneti ya Ufaransa ilionesha sampuli zake za Tour hiyo, zilipopimwa upya, zilikuwa na EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu.